Nyuzi 40 kutoka wapi?

Kazi yangu ni kupiga picha za eksirei, na kwa miaka kadhaa sasa sehemu kubwa ya picha ninazopiga ni za watu waliobadilishiwa nyonga. Huletwa siku ya kwanza au ya pili baada ya upasuaji, nami huwalaza chali, nawaelekeza wageuze vidole vya miguu viangaliane kidogo, napiga picha moja ya mbele na nyingine ya ubavuni, kisha naketi mbele ya kompyuta na kuchora mistari. Mstari mmoja unapita chini ya zile alama mbili za fupanyonga ambazo sisi wa kazi hii huziita matone ya machozi, kwa kuwa ndivyo zinavyoonekana. Mwingine unafuata mdomo wa kikombe cha chuma alichokiweka daktari. Pembe iliyo kati ya mistari hiyo miwili ndiyo mwinamo wa kikombe, na kompyuta ikiandika 40 au namba iliyo jirani nayo, daktari hufurahi, mgonjwa akiambiwa hufurahi, na mimi niliyeipima hufurahi pamoja nao.

Ilinichukua muda mrefu kujiuliza swali ambalo mwanafunzi wa hesabu angeliuliza siku ya kwanza: nyuzi hizo 40 zimehesabiwa kutoka wapi? Pembe haina maana mpaka ujue upande wake wa pili umeegemea nini, na upande wa pili wa pembe hii umeegemea mwili wa binadamu, ambao haukai mahali pamoja.

Nianze na kiungo chenyewe. Nyonga ya asili ni tufe lililoingia ndani ya shimo: kichwa cha mfupa wa paja ndani ya kikombe cha fupanyonga. Gegedu likiisha, au mfupa ukivunjika shingoni, daktari hukata kile kichwa, hulikwangua shimo hadi lipate umbo la nusu tufe, hupigilia humo kikombe cha chuma chenye utando wa plastiki ngumu au kauri, kisha huingiza shina la chuma ndani ya uwazi wa mfupa wa paja na kulivalisha kichwa kipya. Sir John Charnley wa Uingereza, ambaye mwaka 1962 alianza kutumia plastiki ya poliethilini kwa ajili ya kikombe baada ya plastiki aliyoitumia mwanzo kulika upesi mno, alitumia kichwa kidogo chenye kipenyo cha milimita 22 na nukta kidogo. Leo vichwa vya milimita 32 na 36 ni vya kawaida, na kichwa kikubwa kina faida moja ya wazi: kabla ya kutoka nje ya kikombe, kinalazimika kusafiri masafa marefu zaidi kuliko kichwa kidogo.

Kikombe kinaweza kukosewa kwa namna mbili kuu. Kinaweza kusimama kupita kiasi au kulala kupita kiasi, na huo ndio mwinamo niliousema. Kinaweza pia kutazama mbele kupita kiasi, au kutotazama mbele vya kutosha, au hata kutazama nyuma, na huo nitauita mgeuko. Kikombe kilichosimama sana huacha uzito wote wa mwili ukiegemea ukingo wake wa juu, na ukingo ni mwembamba. Plastiki hulika upande mmoja, kauri huanza kulia kama bawaba isiyotiwa mafuta, na kwenye viungo vya chuma juu ya chuma, ambavyo vilikuwa maarufu katika muongo wa kwanza wa karne hii, chembe za kobalti na kromiamu huingia katika damu. Agosti 2010 kampuni ya DePuy iliondoa sokoni kiungo chake cha ASR cha aina hiyo, na mojawapo ya mambo yaliyojifunzwa katika sakata lile ni kwamba kikombe chenye mwinamo mkali hakikusamehewa makosa ambayo plastiki ingeyavumilia kwa miaka.

Mgeuko una adhabu yake ya haraka zaidi. Mtu anapoinama au kuketi, shingo ya shina hukaribia ukingo wa mbele wa kikombe. Ikiwa kikombe hakitazami mbele vya kutosha, shingo hugonga ukingo, na mtu akiendelea kuinama, ukingo unakuwa kama jiwe lililowekwa chini ya mtaimbo: kichwa hung'olewa na kutokea nyuma. Ikiwa kikombe kinatazama mbele mno, hatari hugeuka. Mtu anaponyoosha paja nyuma huku mguu umegeukia nje, shingo hugonga upande wa nyuma na kichwa hutokea mbele. Maumivu ya nyonga kuchomoka hivyo sitayaeleza. Nimewapiga picha watu wakiwa katika hali hiyo, na kuwahamisha kutoka machela kwenda mezani ni kazi ninayoichukia kuliko zote.

Sasa namba 40 ilitoka wapi? Mwaka 1978 Lewinnek na wenzake walichapisha uchunguzi wa nyonga 300 zilizobadilishwa nchini Marekani, ambamo nyonga 9 zilikuwa zimechomoka. Walikuta kwamba vikombe vyenye mwinamo wa nyuzi 40, kupungua au kuzidi 10, na mgeuko wa nyuzi 15, kupungua au kuzidi 10, vilichomoka kwa asilimia 1.5, na vilivyokuwa nje ya mipaka hiyo vilichomoka kwa asilimia 6.1. Kisanduku hicho cha namba kikapewa jina la eneo salama, na kwa zaidi ya miaka 40 wanafunzi wamekikariri. Mtu akisoma upya takwimu hizo anashtuka kidogo kuona kwamba sheria kubwa kiasi hicho imesimama juu ya nyonga 9. Siwalaumu waandishi wake. Wao waliripoti walichokiona. Sisi tuliokuja baadaye ndio tuliogeuza ripoti kuwa amri.

Kuna jambo moja katika kazi yao ambalo mtu wa eksirei hawezi kulipita. Walipopiga picha zao walitumia kifaa chenye pimamaji, kama ile ya fundi mwashi, wakakiegemeza kwenye ncha mbili za mbele za fupanyonga na kwenye mfupa wa kinena, ili wahakikishe kwamba ubapa huo wa mbele umelala sawa kabla ya kufyatua mionzi. Pembe zao zilipimwa kutoka kwenye fupanyonga lililosawazishwa. Mimi katika maisha yangu yote ya kazi sijawahi kuweka pimamaji juu ya mgonjwa. Namlaza, namnyoosha kwa macho, napiga, na kisha nalinganisha namba yangu na kisanduku chao, kana kwamba tumepima kitu kilekile.

Nieleze jinsi namba ya mgeuko inavyopatikana kwenye picha bapa, kwa sababu hapo ndipo makosa yanapojificha vizuri. Mdomo wa kikombe ni duara. Duara likitazamwa kwa ubavu linaonekana kuwa mstari, na likigeuzwa kidogo linaonekana kuwa duaradufu. Ukigawa upana wa duaradufu hilo kwa urefu wake, unapata saini (ile sine ya hesabu) ya pembe ya mgeuko. Kwa kikombe chenye kipenyo cha milimita 52 na mgeuko wa nyuzi 15, upana huo ni takribani milimita 13 na nusu, ambao lazima nichague mwanzo na mwisho wake kwenye picha yenye ukungu wa tishu na hewa ya utumbo. Zaidi ya hapo, duaradufu la kikombe kinachotazama mbele nyuzi 15 na la kile kinachotazama nyuma nyuzi 15 yanafanana karibu kabisa kwenye picha ya mbele. Anayetaka kuyatofautisha anahitaji picha ya ubavuni, ile ambayo mgonjwa mwenye maumivu hutusihi tuiache, na ambayo mwenzangu mwenye huruma nyingi huiacha kweli.

Kisha kuna suala la mahali mionzi inapolenga. Nikielekeza kitovu cha mionzi katikati ya fupanyonga napata duaradufu moja. Nikikielekeza kwenye nyonga iliyopasuliwa napata jingine, kwa kuwa mionzi hutawanyika kama mwanga wa tochi na hukipiga kikombe kwa mshazari tofauti. Kikombe ni kilekile, hakikusogea hata unywele, lakini namba imebadilika nyuzi kadhaa. Vivyo hivyo kwa picha za kabla ya upasuaji, ambazo daktari hutumia kukadiria ukubwa wa kikombe na shina. Picha ya eksirei huikuza nyonga, kwa kawaida kwa asilimia 15 hadi 20, kwa hiyo tunaweka kando ya paja gololi ya chuma yenye kipenyo cha milimita 25 ili kompyuta ijue kiasi cha ukuzaji. Gololi hiyo lazima iwe katika kimo kilekile cha nyonga. Ikiwekwa juu ya meza kwa uvivu, chini ya kimo cha mfupa, itakuzwa kidogo kuliko nyonga, na kompyuta itaamini kwamba mfupa ni mkubwa kuliko ulivyo. Daktari ataingia chumba cha upasuaji akiwa na mpango wa shina kubwa lisilotoshea. Nasema haya nikiwa mtu ambaye amewahi kuiweka gololi juu ya meza.

Ndani ya chumba cha upasuaji mambo ni magumu zaidi. Mgonjwa mara nyingi analazwa ubavu, amefunikwa vitambaa kutoka kichwani hadi miguuni, na jeraha peke yake ndilo linaloonekana. Daktari anashika mpini mrefu uliofungwa kikombe na kuuelekeza kwa kulinganisha na sakafu na mstari wa mwili anaoukisia chini ya vitambaa. Mwaka 1993 daktari wa mifupa aitwaye Murray alionyesha kwamba kuna namna tatu za kuieleza pembe ya kikombe, ile ya anatomia, ile ya upasuaji na ile ya eksirei, na kwamba namba za moja si namba za nyingine. Nimefanya hesabu hiyo mwenyewe jioni moja. Daktari akishika mpini kwa nyuzi 40 kutoka sakafuni na kuuelekeza mbele kwa nyuzi 30, mimi nitakuja kusoma kwenye picha mwinamo wa nyuzi 44 na mgeuko wa nyuzi 22 na nusu. Wote wawili tumepima kwa usahihi. Yeye ataniambia nimekosea, nami nitamwambia yeye ndiye aliyekosea, na nimeshuhudia mabishano ya namna hiyo yakimalizika kwa watu kutosalimiana kwa wiki nzima.

Hesabu hiyo inachukulia kwamba mgonjwa hakusogea, na mgonjwa husogea. Vishikizo vinavyolizuia fupanyonga mbele na nyuma hubana nyama laini, si mfupa, na pale msaidizi anapovuta mfupa wa paja kwa koleo ili kupata nafasi, fupanyonga zima huzunguka mbele. Daktari anapoona sakafu, sakafu haijabadilika. Kilichobadilika ni kile ambacho sakafu ilikuwa inakiwakilisha. Ndiyo maana madaktari wengi wazoefu hupendelea alama zilizo ndani ya mwili wenyewe, hasa kano inayokatiza sehemu ya chini ya shimo la nyonga, ambayo mdomo wa kikombe unaweza kulinganishwa nayo bila kujali mgonjwa amelalaje. Kano hiyo haihitaji umeme, ingawa kwa baadhi ya wagonjwa imefunikwa na mfupa uliojiotea na lazima itafutwe.

Matokeo ya ugumu huu yanajulikana. Uchunguzi uliochapishwa na Callanan na wenzake mwaka 2011, uliohusu nyonga 1,823 katika hospitali ya Massachusetts General huko Boston, ulikuta kwamba nusu tu ya vikombe ndivyo vilivyoangukia ndani ya mipaka waliyoiweka kwa pembe zote mbili kwa pamoja. Hapo hatuzungumzii hospitali isiyo na vifaa wala madaktari wanaojifunza kushika nyundo.

Jibu la kwanza ambalo kila mtu hulitoa anaposikia hivyo ni kuleta mashine, na mashine zimeletwa. Roboti iliyoitwa ROBODOC ilitumika kwa binadamu kwa mara ya kwanza mwaka 1992 huko Sacramento, California, ikichonga nafasi ya shina ndani ya mfupa wa paja. Zilifuata kompyuta za uelekezaji, zinazofuatilia vifaa kwa kamera wakati wa upasuaji, kisha mikono ya roboti ambayo daktari anaishika mwenyewe, nayo inakataa kwenda nje ya mpango uliochorwa kutokana na picha za CT. Katika uchunguzi wa mwaka 2014 wa Domb na wenzake, vikombe vyote 50 vilivyowekwa kwa mkono wa roboti viliingia ndani ya kisanduku cha Lewinnek, huku vikombe 40 kati ya 50 vilivyowekwa kwa njia ya kawaida vikiingia. Kwa mipaka myembamba ya Callanan, roboti ilifikisha 46 na njia ya kawaida 31. Tofauti hiyo ni kubwa na sina sababu ya kuidharau. Roboti inafika inapoambiwa ifike. Kinachobaki ni nani anayeiambia, na ameijuaje sehemu hiyo.

Nililielewa jambo hili kwa sababu ya mgonjwa mmoja, mama mwenye umri wa miaka sitini na kitu, ambaye nilimpiga picha siku ya pili baada ya upasuaji wake na kumpimia mwinamo wa nyuzi 41 na mgeuko wa nyuzi 17. Nilimwambia kwa furaha kwamba kikombe chake kimekaa kama kilivyochorwa kitabuni. Wiki saba baadaye aliletwa kwa machela. Alikuwa ameketi kwenye kiti kifupi akiinama kuvaa kiatu. Nyonga ilirudishwa akiwa chini ya nusu kaputi, nikampiga picha tena, na namba zilikuwa zilezile. Mwezi uliofuata akaletwa kwa mara ya tatu, safari hii baada ya kuinuka chooni. Nilipokuwa namwekea mto chini ya goti aliniuliza, bila hasira yoyote, "Mwanangu, si ulisema kimekaa kama kitabuni?"

Sikuwa na jibu. Lakini nilipofungua picha zake zote tatu na kuzipanga kwa safu, niliona kitu ambacho kilikuwepo tangu siku ya kwanza. Kwenye ukingo wa juu wa kila picha, zikiwa zimekatwa nusu na fremu yangu, zilionekana ncha za skrubu nne. Pingili za chini za mgongo wake zilikuwa zimefungwa pamoja kwa vyuma miaka mingi kabla nyonga haijaanza kumsumbua. Mimi nilikuwa nimepunguza picha vizuri ili nyonga ikae katikati, kama nilivyofundishwa, na mgongo nikauacha nje kwa kuwa haukuwa sehemu ya ombi.

Mtu mwenye mgongo unaokunjika anapoketi, fupanyonga lake huviringika kuelekea nyuma kwa takribani nyuzi 20, na linapoviringika huenda pamoja na kikombe. Kwa kila uzi mmoja wa kuviringika huko, mgeuko wa kikombe huongezeka kwa kiasi cha nyuzi 0.7 hadi 0.8. Maana yake ni kwamba kikombe chenye mgeuko wa nyuzi 17 mtu akiwa amelala kinaweza kufika 32 hivi akiwa ameketi, na mlango huo uliofunguka ndio unaoipa shingo ya shina nafasi ya kupita bila kugonga. Daktari wake aliagiza picha mbili ambazo sisi hatukuwa na mazoea ya kuzipiga, za ubavuni, moja akiwa amesimama na nyingine akiwa ameketi, zikionyesha mgongo wa chini, fupanyonga na paja kwa pamoja. Kati ya kusimama na kuketi fupanyonga lake lilisogea nyuzi 4. Kikombe kilichosomeka 17 kitandani kilikuwa na 20 tu kitini, ilhali paja lililazimika kupanda kuliko la mtu mwingine yeyote ili kufidia mgongo usiokunjika. Kila alipoketi chini alikuwa anabonyeza mtaimbo juu ya jiwe.

Wapo wenye tatizo la kinyume chake, wazee ambao mgongo umenyooka na kukakamaa katika namna nyingine, hata fupanyonga huviringika nyuma wanaposimama. Kwao kikombe ambacho kitandani kinaonekana sawa hufunguka mno wakiwa wima, na nyonga hutokea mbele wanaponyoosha mguu. Namba moja ya kitandani haiwezi kuwahudumia wote.

Tangu hapo nilianza kusoma, na niligundua kwamba nilikuwa nimechelewa kufika kwenye mjadala. Mwaka 2016 Abdel na wenzake wa Mayo Clinic, hospitali ya Marekani, walipitia nyonga 9,784 zilizobadilishwa kati ya 2003 na 2012. Nyonga 206 zilikuwa zimechomoka, na kati ya hizo, asilimia 58 zilikuwa na kikombe ndani ya kisanduku cha Lewinnek kwa pembe zote mbili. Zaidi ya nusu ya waliochomoka walikuwa na picha ambayo mimi ningeifurahia. Sisemi kwamba eneo salama ni uongo. Kikombe kilichosimama kwa nyuzi 60 bado ni kibaya kwa kila mtu. Ninachosema ni kwamba mipaka ile inamchuja aliyekosea sana, na haimwambii aliyebaki kama yuko salama katika kiti chake.

Tena kikombe ni nusu ya kiungo. Shina nalo lina mgeuko wake, na linapowekwa bila saruji ya mifupa hulazimika kufuata umbo la uwazi wa mfupa wa paja, ambao kwa mtu mmoja unaweza kutazama mbele nyuzi 30 na kwa mwingine sifuri. Widmer na Zurfluh walipendekeza mwaka 2004 kanuni iliyo rahisi kukumbuka: mgeuko wa kikombe, ukijumlishwa na mara 0.7 ya mgeuko wa shina, ufike nyuzi 37. Shina likiwa na 30, kikombe kinahitaji 16. Shina likiwa na sifuri, kikombe kinahitaji 37 kamili, namba ambayo ingetupwa nje ya kisanduku cha zamani bila kusikilizwa. Baadhi ya madaktari huandaa mfupa wa paja kwanza, wakapima shina limekubali kukaa vipi, ndipo wakaweka kikombe cha kuoana nalo. Kwa mtu wa nje utaratibu huo unaonekana kuanza nyuma, lakini mimi nauona kuwa ndio wenye mantiki, kwa sababu unaanza na kile kisichobishika.

Urefu wa mguu na umbali wa shina kutoka katikati ya mwili navyo ni sehemu ya usahihi, na wagonjwa hulalamikia urefu wa mguu kuliko pembe yoyote, kwa kuwa pembe hawaioni na viatu wanavaa kila siku. Umbali huo ukipunguzwa, misuli ya tako hulegea na mtu hutembea akiyumba; ukiongezwa mno, hubaki na maumivu ya pembeni. Haya yanahitaji makala yake.

Yule mama alifanyiwa upasuaji wa pili. Daktari aliondoa kikombe cha kwanza, akaweka kingine kilichogeuzwa mbele zaidi, tena cha aina iliyobuniwa nchini Ufaransa miaka ya 1970, ambamo kichwa kidogo huzunguka ndani ya tufe la plastiki, na tufe hilo nalo huzunguka ndani ya ganda la chuma, hivyo kwamba kinachozuia kuchomoka ni kipenyo cha tufe kubwa. Picha ya siku ya pili ilisomeka nyuzi 43 na 24. Nilimpa namba hizo bila kuongeza neno la sifa.

Mimi kwa upande wangu nimebadilisha mambo madogo. Picha ya fupanyonga naianzia juu zaidi, pingili mbili za mwisho ziingie. Kwenye ripoti naandika mgonjwa alikuwa katika mkao gani na mionzi ililenga wapi. Tulitafuta pia kigoda cha kupigia picha za kuketi, na hapo tulibishana siku kadhaa, kwani kikiwa kirefu paja halipandi vya kutosha na picha inadanganya. Kikiwa kifupi, mtu mwenye nyonga mpya anaogopa kukikalia, na ana haki. Tulikubaliana paja lilale sambamba na sakafu, na tukatengenezewa vigoda vitatu vya vimo tofauti ambavyo sasa vinakaa nyuma ya mlango na kila mtu hujikwaa navyo.

Mwaka mmoja baada ya upasuaji wa pili alikuja kwa miguu yake, na mkongojo ameuning'iniza mkononi kama mwavuli siku isiyo na mvua. Nilimpiga picha ya mbele akiwa amelala, nikachora mistari yangu, akaniuliza ni ngapi leo. Nikamwambia, "Arobaini na tatu, mama, na ishirini na nne."

"Hiyo ni nikiwa nimelala," akasema. "Na nikikaa?"

Nikaenda nyuma ya mlango kuchukua kigoda.